Mwekee ndege chozi kijiti cha kutua
Kwa wenye mishubiri (aloe) kwenye miamba yetu ya Mwanza: chomeka kijiti kikavu kando ya bua la maua, usawa wa maua ya chini. Chozi, ndege mdogo anayekunywa nekta (maji matamu ya maua), anaweza kuelea hewani kidogo, lakini hupenda kunywa akiwa ametua. Akipata pa kushika miguu atazamisha mdomo ua baada ya ua, chavua ya njano imgande usoni, aipeleke mmea wa pili. Kwangu huku Bugando alikuja siku ya tatu, dume, anang'aa kama mafuta juu ya maji. Kwenye hibiskasi kijiti hakisaidii sana: mara nyingi chozi hutoboa ua kitakoni, akafyonza nekta bila kugusa chavua. Na ukipuliza dawa ya wadudu umeharibu, maana makinda yake hulishwa wadudu na buibui.