Maswali ya baiskeli kwa IELTS Speaking: venye utajibu ukiwa mtu wa Kisumu na pande za huku

Nafundisha watu hapa Kisumu kuongea Kiingereza cha IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, wengi ni manesi wanataka kwenda Uingereza ambako baraza lao la manesi linataka bendi 7, yaani alama 7 kati ya 9, kwa kuongea, na swali la baiskeli likiingia mtu amelelewa Ahero ama Mumias, ameona baiskeli tangu azaliwe, anaanza kuniambia ati baiskeli ni nzuri kwa afya na mazingira, basi, amenyamaza. Hiyo jibu kila mtu duniani ako nayo. Wewe uko na yako, na ndio itakubeba.

Hatua ya 1: jua mtihani unaenda aje. Kuongea kwote ni dakika 11 hadi 14, wewe na mtahini, na mnarekodiwa. Sehemu ya kwanza ni dakika 4 hadi 5 za maswali mafupi juu yako, ya pili unapewa kadi yenye mada ya kuongelea na dakika 1 ya kujipanga halafu unaongea dakika 1 hadi 2, ya tatu ni mjadala, dakika 4 hadi 5 pia. Maksi zinatoka kwa vitu vinne vyenye uzito sawa: mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi. Hakuna mahali wanapima kama uko na baiskeli, so usidanganye unaendesha kila siku na hata hujui kuendesha. "No, I never learned to ride" ukiongeza na sababu ni jibu safi kabisa.

Hatua ya 2: kabla ya Kiingereza chochote, kumbuka baiskeli moja. Moja tu. Labda ni ile Black Mamba ya babu yenye keria ya chuma, ama ya mjomba aliyekuwa boda ya baiskeli hapo Kondele. Jiulize kwa Kiswahili, kwa Dholuo, kwa Kiluhya, lugha yoyote unaskia nayo raha: ilikuwa ya nani, nani alinishikia kiti nikijifunza, tulibebea nini, breki zilikuwa zinashika, iliishia wapi. Ukishapata hiyo picha hutakwama, juu hutafuti cha kusema, unatafuta maneno tu. Wenye wanakariri majibu ya intaneti ndio wanakwama, na watahini wamefunzwa kutambua jibu la kukariri.

Hatua ya 3: sasa maneno, na hapa usikimbie. Chukua saddle, handlebars, spokes, carrier, halafu ongeza maneno ya vitendo juu hayo ndio yanaonyesha unajua lugha: "the chain came off", "I got a puncture", "my uncle gave me a lift". Ukitaja kitu cha huku kieleze hapo hapo ukiendelea, mfano "a boda boda, which is a bicycle taxi", na ukisema mlipeleka mahindi kusagwa sema "the mill where we ground our maize". Kueleza kitu kwa maneno mengine kunahesabiwa kwa msamiati, kwa hivyo maisha ya kijijini yanakusaidia, usiyafiche.

Kwa sarufi kuna mahali pawili watu wangu wanateleza kila siku. Ya kwanza ni ride, rode, ridden, sio "I have rode". Ya pili, unasema "by bicycle" lakini ukiweka my inakuwa "on my bicycle". Na matamshi: motorcycle mwisho wake ni "saikol" lakini bicycle ni "sikol", uzito uko mbele, BAI-sikol. Hii neno utalitaja mara nyingi sana hiyo siku, lifanyie mazoezi mpaka litoke lenyewe.

Hatua ya 4, sehemu ya kwanza: jibu, toa sababu, ongeza kitu kimoja cha kweli, nyamaza. "Not any more. I used to ride my grandfather's bicycle to the mill, but since I moved to Kisumu I just walk or take a matatu." Angalia hapo kuna zamani, kuna sasa, na haijakaa kama hotuba.

Hatua ya 5, kadi: kwa hiyo dakika moja andika maneno manne matano, usiandike sentensi. Mimi nawaambia wapange kwa wakati: zamani ilikuwaje, siku moja kulitokea nini, sasa unaionaje. Usijali saa, mtahini ndiye atakusimamisha.

Hatua ya 6, mjadala: hapa toka kwako uende kwa watu wote. Ukiulizwa kwa nini baiskeli zimepungua mjini, usirudi kwa babu, ongea venye serikali iliondoa kodi ya pikipiki ndogo za chini ya cc 250 mwaka wa 2008, boda wa baiskeli wengi wakahamia pikipiki, halafu geuza upande wa pili: mama wa samaki bado anahitaji usafiri wa bei ya chini, na barabara nyingi hazina njia ya baiskeli. Tumia "whereas", "even though", "if the county built", hizo ndio zinapandisha sarufi juu ya bendi 6.

Na usiposkia swali, uliza bila woga, "Sorry, could you say that again?" Sehemu ya kwanza mtahini atalirudia tu jinsi lilivyo, lakini kwa mjadala unaweza kumwomba alieleze kwa maneno mengine.