Namna ya Kupima Iwapo Olusia Hushusha Sukari ya Damu

Majani ya olusia, mmea ambao wanasayansi huuita Vernonia amygdalina, ni machungu, na wapo watu hapa Kisumu wanaoamini kwamba kichungu chochote hufukuza sukari mwilini. Mwongozo huu ni wa mtafiti anayetaka kuipima imani hiyo kwa panya wa maabara, akiwa na idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi nchini Kenya. Haumruhusu mtu kumjaribia mgonjwa nyumbani, wala kumwachisha vidonge au sindano zake.

Mpelekee mtaalamu wa mimea tawi lenye maua ahakikishe jina. Kausha majani kivulini, yasage, kisha uyachemshe kwa maji, kwa kuwa spiriti hutoa kemikali ambazo sufuria ya nyumbani haizitoi. Chuja, kausha dondoo na uandike uzito wake.

Hatua inayoharibu kazi nyingi ni ya kuwatia panya kisukari. Wakishalala bila chakula, hudungwa aloksani, kemikali ambayo huua seli za kongosho zinazotengeneza insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu. Aloksani huoza upesi ikiwa majini, kwa hiyo iyeyushe sindano ikiwa tayari mkononi. Seli zinapokufa humwaga insulini yote zilizokuwa nayo, na sukari huporomoka. Usipowawekea panya maji ya glukosi kwa saa 24 za mwanzo, asubuhi utaokota mizoga. Siku ya 3, wakiwa hawajala, chukua tone la damu kwenye ncha ya mkia na ulipime kwa mashine ileile ya sukari inayouzwa kwenye maduka ya dawa. Watafiti wengi hubakiza wanaozidi milimoli 11.1 kwa lita.

Wagawe kwa kura: wazima wanaopewa maji, wagonjwa wanaopewa maji, wagonjwa wanaopewa dawa inayojulikana, na wagonjwa wanaopewa dondoo kwa vipimo tofauti. Kundi la pili lisikosekane kamwe, kwa sababu baadhi ya panya wa aloksani hupona wenyewe. Kwa dawa ya kulinganishia ningechagua metformini, ambayo nayo ina asili ya mmea wa Galega officinalis, kuliko glibenklamidi, ambayo huzihimiza seli za kongosho zitoe insulini na hivyo haina la kufanya seli hizo zikiwa zimekufa.

Kila siku pima pia uzito wa panya na chakula kilichobaki. Panya aliyesusa chakula kwa sababu dondoo limemdhuru sukari yake itashuka, na asiyetazama bakuli atashangilia dawa kumbe ni njaa. Vizimba viandikwe namba tu, na anayesoma mashine asijue namba ipi imepewa nini mpaka vipimo vyote viwe vimeandikwa.