Somo: Kikaragosi cha kivuli kwa boksi na mawese

Hapa Ujiji ukimwita mtu kikaragosi umemtukana. Linaniuma, maana neno hilo limetokana na Karagöz, mcheshi wa michezo ya vivuli ya Uturuki, aliyekuwa akiwachekesha watu usiku wa Ramadhani kwa kubishana na mwenzake Hacivat. UNESCO iliuingiza mchezo huo katika orodha ya urithi mwaka 2009. Kwao vikaragosi huchongwa kwa ngozi ya ngamia au ng'ombe inayopitisha mwanga. Sisi tutatumia boksi.

Hatua ya 1. Chora mtu wa shubiri moja, ubavu. Kivuli hakionyeshi macho, kwa hiyo pua, kidevu na kofia ndivyo vitakavyomtambulisha. Wangu ni mvuvi wa dagaa, ana kasia. Mkono ukate peke yake.

Hatua ya 2. Toboa dirisha kifuani, uzibe kwa karatasi ya daftari iliyopakwa mawese. Karatasi ikishiba mafuta hupitisha mwanga, na shati la mvuvi litawaka rangi ya machungwa. Napenda sana dakika hiyo.

Hatua ya 3. Shona mkono begani kwa uzi, fundo mbele na nyuma. Msiharakishe hapa. Fundo likibana, mkono unakuwa gogo. Likilegea mno, unaning'inia kama umevunjika. Utikise: ukiendelea kupepea kidogo baada ya mwili kutulia, umepatia. Kisha funga chelewa za mchikichi, moja mgongoni, moja kiganjani.

Hatua ya 4. Tundika shuka jeupe, taa iwe juu ya kichwa chako, mbele kidogo. Kikaragosi kiguse shuka. Ukikivuta nyuma kinakuwa jitu lenye ukungu.

MASWALI

– Mwalimu, taa yangu ya sola ina balbu nyingi, mvuvi mmoja anatoa vivuli vinne!
Ziba zote kwa boksi, bakiza moja.

– Shikamoo mwalimu. Niko peke yangu na wahusika wawili. Watu watajuaje nani anasema?
Marahaba mwanangu. Anayesema ndiye atikisike, mwenzake atulie tuli. Kule Java, Indonesia, mchezeshaji mmoja, aitwaye dalang, huwasemea wahusika wote wa wayang, yaani michezo yao ya vivuli, usiku kucha, kila mmoja na sauti yake. Anza na sauti mbili, ya babu na ya mtoto.

– Mawese yameisha, alizeti je?
Inafaa dada. Mwanga utapita, ila shati litakuwa jeupe.