Kabla hujamlipa dijei: burudani ya harusi kwa kina dani (nyanya zetu), watoto na vijana

Kamati nyingi za harusi hapa Kisumu zikifika kwa mambo ya burudani swali ni moja tu, dijei ni nani na anataka ngapi, halafu wanarudi kubishana kuhusu rangi za tenti. Mimi ningeanza na hili: saa nane mchana, maharusi wameenda kupiga picha kule Dunga na msafara umekwama kwa jam ya Kondele, hao watu mia tatu waliokaa tentini watakuwa wanafanya nini? Harusi huharibikia hapo. Usiku sina wasiwasi nao, vijana watajipanga hata kwa simu na spika moja. Shida ni yale masaa mawili ya katikati, watu wametoka kanisani na njaa, hakuna anayewaambia kitu, wazee wanaangalia saa na watoto washaanza kung'oa maua ya mezani.

Kwa hivyo kama bajeti ni ndogo weka pesa hapo kwanza. Wapatie soda na njugu ama mandazi, kisha uwe na muziki wa kupigwa laivu. Kama upande mmoja ni wa Kakamega tafuta watu wa isukuti, ngoma zao ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, baba mama na mtoto, hazitaki stima wala spika na wanaweza kuzunguka katikati ya meza wakiinua watu mmoja mmoja mpaka ile kukhu (nyanya kwa Kiluhya) iliyokuwa inasinzia inasimama. UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka mwaka 2014, so msiwachukulie kama watu wa kujaza nafasi, walipeni na muwape chakula kama mnavyompa dijei. Nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, nayo ni kitu ingine. Ni nyuzi nane, mpigaji amekaa chini kwa kigoda, na kwa uwanja wazi sauti haifiki mbali, so muulize mwenye mitambo mapema kama ana maiki mbili za ziada, moja ya nyuzi na moja ya mdomo, la sivyo mzee atapiga nusu saa na watu wa nyuma bado wanadhani anajipanga.

Benga na rumba za zamani ziwekwe wakati wa kula, na sauti iwe chini. Tafadhali msiweke spika kando ya meza ya wazee! Sijui kwa nini karibu kila harusi hufanya hivi, yaani mama mkwe ametoka Vihiga asubuhi na mapema, anaketishwa mbele kwa heshima, na hiyo heshima ndiyo inampiga masikio mchana kutwa.

Watoto sasa. Kadi inaweza kusema hakuna watoto lakini harusi ikiwa ya nyumbani watakuja, wako na wa majirani. Ile kasri ya upepo ya kurukia ni nzuri sana ila kuna mambo mtu haulizi. Inasimama kwa sababu feni inaisukumia hewa bila kukoma, stima ikipotea inaanza kulala watoto wakiwa ndani, kwa hivyo jenereta iwe palepale na mtu anayejua kuiwasha, asiwe amefungia ufunguo kwa gari na kwenda kutafuta samaki. Halafu upepo wa ziwa huwa unachapa mchana, hiyo kasri lazima ifungwe chini kwa vigingi kila pembe, na upepo ukizidi watoto watolewe tu hata kama wanalia. Muwe na mtu mzima wa kulipwa wa kuwaangalia. Usimwachie binamu wa bibi harusi, naye amekuja harusi. Wadogo wasiruke na wakubwa pamoja, na wakishakula wapumzike kwanza.

Emsii, yaani mshereheshaji, ndiye wa kuchunguza kuliko wote. Aweze Kiswahili, na Kijaluo ama Kiluhya kulingana na familia, na umwambie wazi utani wa mahari hatutaki, kwa sababu ng'ombe ambazo hazijamalizika zikitajwa kwa maiki mbele ya wakwe hiyo siku imeisha. Pia mjue wageni ni wa kanisa gani. Kama wengi ni Wasabato harusi yenyewe mara nyingi ni Jumapili na kuna nyimbo hazifai kabisa wakiwa hapo, ongea na mzee wa kanisa kabla, msingoje akunje uso.

Hotuba zifupishwe na ziishe kabla ya saa kumi. Sababu ni mvua, huku hupenda kuja jioni na ikipiga mabati ama tenti hakuna anayesikia kitu, na pia wageni wa Siaya na Busia wanataka matatu kabla giza, jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi. Keki na zawadi ziingie kabla wao hawajaondoka, densi ya vijana ibaki ya mwisho.

Na hiyo densi pia muiangalie, sheria ya kelele ya 2009 inahesabu usiku kuanzia saa mbili, na viwango vya nyumba za watu vinashuka sana hapo. Kama ni kwa boma ama mtaa kama Milimani, ulizia kibali kwa kaunti wiki kadhaa mapema, ongea na majirani na uwaalike, halafu spika zigeuzwe zisiangalie madirisha yao. Dijei apewe orodha ya nyimbo mapema pamoja na zile zisizopigwa, na asilipwe zote kabla, nusu mwanzoni na salio kwa M-Pesa akimaliza kufungua nyaya zake.