Kabla ya kuagiza mixa: omba URA (Mamlaka ya Mapato Uganda) ikuamulie namba ya ushuru

Mixa mbili za kukandia unga zinaweza kufanana kwa macho, moja ikatozwa ushuru wa forodha wa 25% na nyingine 0%. Kinachozitenganisha ni namba ya HS, yaani mfumo wa kimataifa wa kupanga bidhaa kwa namba: 8509.40 ni mixa na visagio vya chakula vya nyumbani, 8438.10 ni mashine za kiwandani za kutengenezea mikate. Chukua mzigo wa shilingi 2,000,000, bima na nauli ya meli zikiwemo. Ushuru wa 25% ni 500,000. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% hupigwa juu ya 2,500,000, nayo ni 450,000. Kwa 0%, VAT ni 360,000 basi. Tofauti ni 590,000, na bado hujagusa kodi ya zuio (kodi ya mapato inayokatwa mapema) ya 6% wala tozo ya miundombinu ya 1.5%.

Kifungu cha 248A cha sheria ya forodha ya Afrika Mashariki kinakuruhusu kuomba uamuzi wa mapema, yaani namba iamuliwe kabla mzigo haujaingia. Omba kabla hujamtumia muuzaji pesa.

1. Uwe na TIN (namba ya mlipakodi).

2. Kusanya ushahidi. Maombi yanaweza kukwama hapa, ankara ikiwa imeandikwa "mixa" tu. Ambatisha maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji, picha ya mashine na ya kibati chake cha maelezo, ujazo wa bakuli kwa lita, nguvu ya mota, na kama inatumia umeme wa fezi tatu. Usitegemee uzito: kikomo cha kilo 20 kilicho kwenye 8509 hakihusu mixa za chakula, hivyo mixa nzito ya nyumbani hubaki ya nyumbani.

3. Andika barua kwa Kamishna wa Forodha. Taja namba unayoona inafaa na sababu yake. Trei na mikebe ya keki ina namba zake. Usiifiche ndani ya maombi ya mashine.

4. Subiri jibu kwa maandishi, kisha mpe wakala wako wa forodha nakala aiambatishe kwenye tamko la forodha. Mashine ikija tofauti na uliyoieleza, uamuzi haukulindi.

Usiporidhika, omba mapitio ya uamuzi ndani ya siku 30 chini ya kifungu cha 229.

Ukinunua bidhaa iliyotengenezwa Kenya au Tanzania, dai cheti cha asili cha Afrika Mashariki, kinachothibitisha ilikotengenezwa. Bila hicho, unalipa ushuru kama wa bidhaa iliyotoka China. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kipo cheti rahisi kinachotolewa mpakani, mfano Busia au Malaba.