Chuo Kikuu Kikubwa Australia: Msaada Upo, Lakini Hautakugongea Mlango

Wiki yangu ya kwanza Melbourne nilipotea mara tatu. Sisemi mjini, nasema ndani ya chuo. Kampasi ya Clayton ya Chuo Kikuu cha Monash iko kama kilomita 20 kusini-mashariki mwa katikati ya jiji. Unashuka treni Huntingdale, unapanda basi namba 601, linakushusha kwenye mji mdogo wenye maduka yake, zahanati yake na majengo yenye majina ya watu usiowajua. Chuo kilianzishwa kwa sheria mwaka 1958, kikapokea wanafunzi wa kwanza 1961, na leo, ukihesabu na matawi ya nje kama lile la Malaysia, wanafunzi wamepita 80,000. Mimi nilitoka shule ambayo mwalimu mkuu alimjua baba yangu kwa jina. Pale nilikuwa namba yenye tarakimu nane.

Nakuandikia wewe mdogo wangu uliye Dar, Nairobi, Kampala au Bujumbura na barua ya udahili mkononi, na wewe pia uliyefika muhula huu na usingizi umekukimbia. Msaada upo, tena mwingi, na gharama yake imo ndani ya ada unayolipa. Ila hakuna atakayekuja kukutafuta. Kila msaada una fomu yake, na kila fomu ina tarehe yake.

Kabla ya kupanda ndege

Viza ya mwanafunzi ni ile ya namba 500. Tangu Julai 2025 ada ya kuiomba ni dola 2,000 za Australia, na ukinyimwa hairudi, kwa hiyo usiombe kwa kubahatisha. Mbali na ada ya masomo na nauli, utatakiwa kuonyesha uwezo wa kujikimu mwaka mmoja. Kiwango kilichowekwa Mei 2024 ni dola 29,710 kwa mtu mmoja. Utahitaji pia bima ya afya ya wanafunzi wa kigeni, OSHC, kwa muda wote wa viza. Bima hiyo kwa kawaida haigusi meno wala miwani. Kang'oe, kazibe, kapime macho ukiwa bado nyumbani, na miwani ya akiba uiweke kwenye begi la mkononi.

Kama unakwenda kusoma shahada ya uzamili, angalia kwanza kama nchi yako imo kwenye ufadhili wa serikali yao, Australia Awards, kabla familia haijauza kiwanja. Kwa uzamivu tafuta msimamizi kwanza, halafu ufadhili wa utafiti kupitia chuo chenyewe.

Darasani

Muhula wa kwanza huanza mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, wa pili huanza Julai. Wiki za kufundishwa ni kama 12 tu, na kazi ya kwanza ya kuandika inaweza kudaiwa wiki ya tatu au ya nne, wakati wewe bado unatafuta chumba. Kwa kawaida unachukua masomo manne kwa muhula. Nyumbani manne yangeonekana machache. Huku kila somo lina usomaji wa kukukesha.

Insha yangu ya kwanza ilipata 52. Kufaulu ni kuanzia 50, na alama ya juu kabisa, ile HD, huanzia 80. Nililia, sitakuficha. Kisha nikasoma maneno ya pembeni. Kwenye aya ya pili mhadhiri alikuwa ameandika, "Hoja hii ni ya nani?" Kwenye aya ya nne, "Sawa, na wewe unasemaje?" Nilikuwa nimekusanya maneno ya wakubwa, nikayapanga vizuri, nikaamini nimemaliza. Ndivyo nilivyolelewa shuleni: anayejua ni yule anayerudisha alichofundishwa bila kukosea.

Nikaenda kwa washauri wa uandishi, maktaba ya Sir Louis Matheson. Mama aliyenipokea hakusahihisha hata koma. Alinipa penseli, akaniambia nipige mstari chini ya sentensi zilizo zangu mwenyewe, ambazo hazikutoka kitabuni. Kurasa sita, mistari minne. Akanyamaza, akaniacha niziangalie kurasa zile. Insha iliyofuata ilipata 68, na tangu hapo sikuwahi kukabidhi kazi bila kuipitisha kwenye penseli ile. Jifunze mapema pia kutaja ulikotoa kila wazo, maana kazi hupitishwa kwenye programu ya kulinganisha maandiko, na kusahau chanzo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni wizi hata kama hukukusudia.

Kwenye semina, ongea. Adabu yetu ya kunyamaza mbele ya mkubwa huku inasomeka kwamba hujasoma, na masomo mengine yanatoa alama kwa kushiriki. Mimi nilikuwa naandika swali moja usiku, naingia nalo, nalisema katika dakika kumi za kwanza kabla woga haujapata nguvu. Na profesa mwenye mvi atakuomba umwite kwa jina lake la kwanza. Mdomo wangu ulikataa. Nusu muhula nilianza barua pepe kwa salamu isiyo na jina. Hakuna ubaya kumwita Profesa mpaka ulimi uzoee. Ubaya ni kuacha kumwandikia kwa sababu hujui umwiteje.

Tarehe za kubandika ukutani

Kuna siku wanayoiita ya sensa. Kwenye vyuo vingi huangukia 31 Machi kwa muhula wa kwanza na 31 Agosti kwa muhula wa pili. Ukiacha somo kabla ya siku hiyo, hudaiwi ada yake. Ukiacha kesho yake, unadaiwa ada yote ya somo hilo, na kwa mwanafunzi wa kigeni hizo ni dola elfu kadhaa. Lakini usiache somo kimyakimya. Viza yako inakutaka uwe umeandikishwa na umalize ndani ya muda ulioandikwa kwenye hati yako ya uandikishaji. Kaonane kwanza na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa.

Halafu kuna ombi la kuongezewa muda, kwa ugonjwa au msiba. Mjomba wangu alifariki wiki ya kumi. Sikumwambia mtu. Nilikaa kwenye mtihani macho mekundu, na matokeo yakaonyesha. Baadaye ndipo nikajua kwamba kufiwa ni sababu inayokubalika, na kwamba siku za kuomba ni chache, zinahesabika kwa vidole. Yakikufika, andika, na uelezee. Neno la Kiingereza la mjomba ni jepesi; linaweza kumaanisha mtu wa kuonana naye Krismasi. Andika kwamba ndiye aliyekulea, ndiye aliyekulipia ada. Ambatanisha tangazo la msiba au barua ya kanisa au msikiti, na tafsiri yake. Mficha uchi hazai. Washauri wa nasaha wapo pia, na kwenda kwao hakuchafui jina lako. Mimi nilikwenda mara nne.

Pesa na kibarua

Muhula ukiendelea unaruhusiwa kufanya kazi saa 48 kwa kila siku 14. Likizo hakuna kikomo. Tangu Julai 2025 kima cha chini ni dola 24.95 kwa saa, na kibarua asiye na likizo ya malipo huongezewa juu ya hapo. Piga hesabu mwenyewe: saa 24 kwa wiki kwa kima hicho ni kama dola 599 kabla ya kodi ya mapato. Chumba, chakula na nauli vinaishia humo humo, na nauli yenyewe usiipigie hesabu kwa punguzo la wanafunzi wenyeji. Ada ya kozi nyingi kwenye vyuo vikubwa imepita dola 40,000 kwa mwaka. Kibarua hakilipi ada. Anayekwambia kinalipa amekuficha kitu, na nimeona vijana wazuri wakifeli kwa kufukuzia zamu za usiku. Wape wazazi hesabu hii kabla hujaondoka, ili usianze kuombwa hela ya mabati mwezi wa pili.

Omba namba ya mlipakodi, TFN, kwenye tovuti ya mamlaka ya kodi, ni bure. Mwajiri anatakiwa akuwekee pia mchango wa pensheni, na ukiondoka nchini moja kwa moja unaweza kuudai, baada ya makato. Mgahawa mmoja niliowahi kufanyia kazi ulinilipa dola 15 kwa saa, taslimu, bila karatasi. Nilikaa miezi mitatu nikijiona mgeni asiye na haki. Nilikosea: sheria za kazi zinamlinda mwenye viza ya mwanafunzi kama mwenyeji, na ofisi ya Fair Work Ombudsman inasikiliza bure. Andika saa zako kila siku kwenye daftari.

Pa kulala

Kodi ya nyumba huhesabiwa kwa wiki, si kwa mwezi. Usitume pesa kwa chumba ulichokiona kwenye picha tu. Kaa bwenini au mahali pa muda wiki mbili, ukatazame kwa macho. Kwa mkataba wa kupanga katika jimbo la Victoria, amana yako haikai mfukoni mwa mwenye nyumba. Inawekwa kwenye mamlaka inayoitwa RTBA, nawe unaletewa uthibitisho. Usipoupata, uliza siku hiyo hiyo.

Nyumba nyingi za zamani hazizuii baridi. Julai ya Melbourne inakukuta ndani ya blanketi, unaandika na pumzi unaiona. Aliyekulia Njombe au Limuru atapumua. Sisi wa pwani tunateseka. Nunua blanketi la umeme Mei, kabla hujaanza kukohoa.

Kula na kusikia Kiswahili

Kwenye reli hiyo hiyo ya Huntingdale, vituo vichache mbele, kuna Springvale, penye soko la Wavietnamu: mihogo ya barafu, nazi, bamia, matembele, samaki wazima. Mbele zaidi kuna Dandenong, ambako unapata unga mweupe wa mahindi. Upande wa pili wa jiji, Footscray ina maduka ya Waafrika wengi, hasa wa Pembe ya Afrika. Mimi nilikuwa naenda Jumamosi mbili kwa mwezi, narudi na mfuko unaovuja barafu mapajani.

Ni Dandenong nilikosikia Kiswahili nisichokitarajia. Watu wengi kutoka Kongo na Burundi wamehamishiwa Australia kama wakimbizi, na Kiswahili wamekuja nacho. Nilikuwa nabishana kwa simu na dada yangu juu ya bei ya tiketi. Mama mmoja wa Kivu, kitenge chini, koti zito juu, akasimama akanisubiri nimalize. "Uko unasoma wapi, mtoto wangu?" Nikamwambia. Akauliza nakaa na nani. Nikamwambia peke yangu. Akachukua simu yangu mkononi, akaandika namba yake mwenyewe, akaipiga ili yangu ibaki kwake. Jumapili iliyofuata, saa nne asubuhi, simu ikaita. Alitaka kujua nimekula nini.