Kuomba majeshi ya nje dhidi ya waasi wenye itikadi kali: kutoka daftari la mishahara hadi kukabidhi kambi

Serikali iliyozidiwa huandika barua ya kuomba msaada usiku uleule mji unapoanguka, na barua ya usiku huo hujibiwa kwa masharti ya anayekuja. Mwongozo huu ni wa washauri wa wizara za ulinzi, sheria na mambo ya nje, pamoja na wabunge wa kamati za ulinzi, ili kazi ifanyike mapema, wakati bado kuna nafasi ya kusema "hapana". Mifano tumeichukua Somalia, Mali, Msumbiji na Afghanistan, kwa sababu huko makosa haya yamelipiwa kwa maisha ya watu.

Hesabu askari kabla ya kuandika neno lolote

Swali la kwanza la mfadhili yeyote ni: mna askari wangapi? Ukimpa idadi ya kwenye karatasi, kisha akakuta nusu yake uwanjani, mazungumzo yanayofuata yatahusu wizi, si vita. Kwa hiyo hesabu hutangulia barua.

Kambi zote za mkoa mmoja zihesabiwe siku moja. Ukizihesabu kwa zamu, askari walewale watasafirishwa usiku kwenda kujaza safu za kambi jirani. Kila askari apigwe picha, achukuliwe alama za vidole, na iandikwe namba ya bunduki yake, kundi lake la damu na jina la mrithi wake. Timu ya kuhesabu iwe na watu wa hazina na wa mkaguzi mkuu wa hesabu, si maofisa wa jeshi peke yao. Baada ya hapo mshahara uende moja kwa moja kwenye akaunti ya benki au ya simu ya askari mwenyewe. Pesa taslimu zinazopita mikononi mwa kamanda hukatwa njiani, na kamanda huyo huwa na sababu nzuri ya kutotangaza vifo na watoro: kila askari hewa ni mshahara wake wa ziada.

Tegemea upinzani, na tegemea utoke juu. Afghanistan ilikuwa na zaidi ya askari na polisi 300,000 kwenye madaftari, lakini Kabul ilianguka tarehe 15 Agosti 2021 huku vituo vingi vikiwa na watu wachache, wasiolipwa, wasio na chakula wala risasi. Desemba 2017 Marekani ilisitisha msaada wa chakula na mafuta kwa sehemu kubwa ya jeshi la Somalia kwa sababu ya ufisadi. Walioumia kwanza walikuwa askari wa mstari wa mbele, si walioiba.

Fanya vivyo hivyo kwenye maghala ya silaha: kila bunduki ipigwe mhuri wa nchi, na kila sanduku la risasi liwe na saini ya aliyelipokea. Somalia iliwekewa vikwazo vya silaha mwaka 1992. Mwaka 2013 vililegezwa kwa masharti ya kutoa taarifa ya kila mzigo, na serikali ikaondolewa kabisa vikwazo hivyo Desemba 2023. Miaka hiyo kumi ya katikati ilikuwa miaka ya kuthibitisha kwamba bunduki ya serikali haitakutwa sokoni.

Omba uwezo, usiombe idadi

"Tunaomba askari 5,000" ni ombi baya. Halisemi wakae wapi, wafanye nini, wala ni lini kazi itakuwa imekwisha. Andika pengo lenyewe: helikopta mbili za kubeba majeruhi zitakazomfikisha askari kwenye chumba cha upasuaji ndani ya saa moja, timu nne za kutegua mabomu kwenye barabara fulani, kutoka mji huu hadi ule, picha za angani za pwani kila siku kwa miezi sita, wakufunzi wa masajini. Masajini tunawatilia mkazo kwa makusudi. Programu nyingi za mafunzo huzalisha maofisa wenye vyeti na askari wa wiki kumi, lakini anayewashikilia watu kumi wasikimbie usiku ni sajini, na huyo huchukua miaka kukomaa.

Askari wa miguu wa kigeni waje mwisho kwenye orodha, tena kwa maeneo yanayotajwa kwa jina: bandari, uwanja wa ndege, daraja. Hawajui lugha, hawawezi kumtofautisha mchungaji na mpelelezi wa waasi, na kila kosa lao huwa mahubiri ya upande wa pili wiki hiyohiyo.

Kila kifaa kiandikwe pamoja na vipuri, mafuta, mafundi na miaka mitatu ya matengenezo. Kifaa bila fundi ni mapambo. Jeshi la anga la Afghanistan lilitegemea makandarasi wa kigeni kutunza ndege zake. Walipoondoka mwaka 2021, ndege zikaanza kubaki chini wakati zilipohitajika zaidi. Kumbuka pia kwamba kuidhinishiwa si kupewa. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliidhinisha hadi helikopta 12 kwa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, mwaka 2012, na miaka ilipita kikosi kikiendelea bila hizo. Katika mpango wako, kila uwezo ulioahidiwa na ambao haujafika uhesabu kama sifuri.

Kuchagua wa kumwomba

Jirani hufika haraka kuliko wote, na ndiye mgumu zaidi kumwondoa. Ana mpaka wa kulinda, ana kumbukumbu za vita vya zamani, na mara nyingi ana watu wake ndani ya siasa zako. Azimio 1725 la Baraza la Usalama, la Desemba 2006, liliunga mkono mpango kwamba nchi zinazopakana na Somalia zisipeleke askari huko. Mwezi huohuo Ethiopia iliingia kwa nguvu kuisaidia serikali ya mpito, na ikakaa hadi Januari 2009. Al-Shabaab, kundi la waasi wa Somalia, iliyokuwa tawi dogo la vijana la Muungano wa Mahakama za Kiislamu, ilitumia miaka hiyo kujinadi kuwa mtetezi wa nchi, na ikatoka humo ikiwa jeshi. Kama huna njia isipokuwa jirani, mpe mpaka na barabara, usimpe mji mkuu.

Nchi ya mbali isiyo na mpaka nawe huwa na mzigo mdogo wa historia. Msumbiji, baada ya mji wake wa kaskazini wa Palma kushambuliwa Machi 2021, ilipokea takriban askari na polisi 1,000 wa Rwanda mwezi Julai, na mji wa Mocímboa da Praia ukarudishwa mwezi uliofuata. Lakini kikosi kinachokuja kwa makubaliano ya nchi mbili hutegemea urafiki wa marais wawili na mfuko wa mtu wa tatu. Umoja wa Ulaya uliwachangia Wanyarwanda hao euro milioni 20 mwaka 2022. Swali la kuuliza mapema ni nani atalipa mwaka wa nne.

Jumuiya ya kanda au Umoja wa Afrika huja polepole, kwa vikao, lakini huja na uhalali ambao mtu mmoja hawezi kuununua. Kifungu cha 4(j) cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika kinaipa nchi mwanachama haki ya kuomba Umoja uingilie kati kurejesha amani. Azimio 2719 la Baraza la Usalama, la Desemba 2023, limefungua mlango wa operesheni za Umoja huo kupata hadi asilimia 75 ya bajeti kutoka michango ya lazima ya Umoja wa Mataifa. Kila operesheni huamuliwa peke yake, kwa hiyo usiweke fedha hizo kwenye bajeti kabla ya kura.

Kuhusu mamluki, jibu letu ni hapana. Wagner, kampuni ya mamluki ya Urusi, walifika mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, mwaka 2019 na wakaondoka baada ya hasara, bila kurudisha mji. Mali iliwapokea mwishoni mwa 2021. Machi 2022, katika operesheni ya jeshi pamoja na wapiganaji wa kigeni huko Moura, waliuawa watu wasiopungua 500 kwa hesabu ya Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa. Mkataba wa kampuni hauna bunge la kuuhoji wala mahakama ya kuwafikisha wahusika, na damu hubaki kwenye jina la serikali iliyowaalika.

Barua yenyewe

Isizidi kurasa mbili. Itiwe saini na mwenye mamlaka ya kikatiba kuialika nguvu ya nje, na nakala iende kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa na Rais wa Baraza la Usalama siku hiyohiyo. Ridhaa ya serikali halali ndiyo msingi wa kisheria wa majeshi ya nje ndani ya ardhi yake. Hivyo serikali iliyotokana na mapinduzi, au ambayo muda wake umepita, itaulizwa uhalali wake kabla ya kuulizwa habari za waasi. Kama bunge linaweza kukaa hata kwa siku moja, likae na lipige kura.

Mwili wa barua utaje adui kwa jina, eneo kwa wilaya, kazi, muda kwa miezi, na sentensi hii isiyopaswa kukosekana: ridhaa inaweza kuondolewa wakati wowote kwa taarifa ya siku kadhaa zinazotajwa. Usiandike "magaidi na wote wanaowasaidia". Maneno hayo humpa mgeni ruhusa ya kumpiga mfugaji aliyelazimishwa kutoa kodi.

Ukitaka azimio la Baraza la Usalama, unahitaji kura 9 kati ya 15 bila kura ya turufu ya mmoja wa wanachama watano wa kudumu. Azimio lililoandaliwa mapema huokoa siku. Mali ilikuwa tayari na Azimio 2085 la Desemba 2012 lililoidhinisha kikosi cha Kiafrika. Mji wa Konna ulipoanguka tarehe 10 Januari 2013 na Rais wa mpito Dioncounda Traoré akaomba msaada, ndege za Ufaransa zilianza kazi tarehe 11.

Vifungu vinavyosahaulika kwenye mkataba

Makubaliano ya hadhi ya vikosi, yanayosema askari wa kigeni watawajibika kwa sheria ya nani, huletwa na mgeni yakiwa yameshachapwa. Yasome na mwanasheria wa jinai, si wa mikataba ya biashara peke yake.

Mamlaka ya kushtaki ndiyo kiini. Karibu kila nchi itakataa askari wake washtakiwe kwako, na hapo hutashinda. Dai badala yake kesi isikilizwe ndani ya nchi yako, hadharani, na familia za waathirika ziwepo. Inawezekana: baada ya askari wa Uganda wa AMISOM kuwaua raia saba huko Golweyn, Somalia, Agosti 2021, mahakama ya kijeshi ya Uganda ilikaa Mogadishu, na Novemba ikawahukumu askari wawili kifo na watatu miaka 39 jela. Ongeza mfuko wa fidia wenye pesa tayari, ofisi ya malalamiko yenye mtu anayeongea lugha ya wenyeji, na muda wa kujibu. Ahadi ya fidia isiyo na mfuko huwaudhi watu kuliko ukimya.

Wanaokamatwa wakabidhiwe kwa mamlaka ya kiraia ndani ya saa zinazotajwa, kila mmoja na fomu yake. Watoto wasikae na jeshi zaidi ya saa 72, kama Somalia ilivyokubali mwaka 2014. Picha za angani na taarifa za kijasusi zinazokusanywa kwenye ardhi yako, andika nani anazimiliki na zinakufikia baada ya muda gani. Mambo ya kodi, viza na leseni za udereva yapite haraka. Hayajawahi kumuua mtu.

Vikosi vyako navyo vitachunguzwa. Sheria ya Marekani iitwayo Leahy inazuia msaada kwa kikosi chenye ushahidi wa kuaminika wa ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu. Kikosi kimoja chenye sifa mbaya kikiunganishwa na vikosi vitatu vizuri huvichafua vyote. Kitenge, kichunguze, shtaki wanaostahili.

Baada ya mji kurudishwa

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Waasi wanaposhika wilaya hukusanya kodi na huamua kesi za ardhi, kwa ukatili lakini kwa haraka. Mji ukirudishwa, ndani ya saa 72 wawepo polisi wa kiraia, hakimu au wazee wenye mamlaka ya kusuluhisha, maji, na muuguzi mwenye dawa. Kama hakuna hao, usiuchukue mji huo kwanza. Kuukomboa mji na kuuacha ni kuwaua waliowapigia makofi askari wako, kwa sababu waasi wakirudi huwa na majina.

Usinyooshe mstari kuliko uwezo wa kuushikilia. Somalia ilisonga mbele haraka mwaka 2022 ikisaidiwa na wanamgambo wa koo. Agosti 2023 kambi ya Cowsweyne ilishambuliwa na vikosi vikarudi nyuma kutoka maeneo kadhaa. Mwezi uliofuata serikali iliomba kupunguzwa kwa askari 3,000 wa ATMIS, kikosi cha Umoja wa Afrika kilichoirithi AMISOM, kusimamishwe kwa siku 90.

Siku ya kuondoka

Ratiba ya kuondoka iandikwe siku ya kuingia, na ifuate hali ya kambi, si kalenda pekee. Kwa kila kambi orodhesha: kikosi kinachopokea na idadi yake iliyothibitishwa kwa alama za vidole, chakula na risasi za siku 30, kisima, uzio, redio inayofika makao makuu, na kikosi cha kuongeza nguvu kilicho umbali wa saa zisizozidi mbili. Wanaopokea walale kambini pamoja na wanaoondoka kwa wiki mbili, wafanye doria pamoja. Kisichotimia kiandikwe, na kambi ifungwe kwa mpangilio badala ya kukabidhiwa ikiwa tupu.

Haraka ina gharama yake. Tarehe 16 Juni 2023 Mali ilidai MINUSMA, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini humo, iondoke, na Baraza la Usalama likamaliza idhini yake tarehe 30 mwezi huohuo, likitoa miezi sita ya kufunga kikosi kikubwa kilichokuwepo kwa miaka kumi. Misafara iliondoka ikishambuliwa na vifaa viliharibiwa kwa kukosa njia ya kuvisafirisha. Kambi ya Kidal, mji wa kaskazini, iliyopaswa kukabidhiwa kwa utulivu, iliachwa tarehe 31 Oktoba na wapiganaji wa makundi yenye silaha wakaingia kambini kabla ya jeshi la serikali, ambalo lilifika tarehe 14 Novemba kwa kupigana.